Bosi, Programu Umesema ni Huria. Na Vitabu vya Hesabu Je?

Leo ubuyu hauhusu ndoa ya mtu wala gari la mtu. Unahusu picha ambayo imezunguka wiki mbili hizi kwenye magrupu ya WhatsApp ya Moro, ile ya kaka mmoja mwenye suti ya bluu, kashika tuzo ya kioo, nyuma yake bango lenye nembo za wafadhili mpaka zinagombania nafasi. Maelezo ya picha: "Kinara wa programu huria na teknolojia kwa vijana." Jina hatutaji. Anajijua, chawa wake wanamjua, na mwenye nyumba wa ofisi yake anamjua kuliko wote.

Hongera zikamiminika, vimoto na vikombe vya kutosha. Katikati ya komenti zote hizo mtu mmoja akauliza swali dogo tu: na yule dada wa Kihonda aliyefanya kazi yenyewe, analipwa? Alivyoshambuliwa sasa! Kaambiwa ana wivu, kaambiwa hapendi maendeleo ya mkoa wake, kaambiwa na yeye aanzishe la kwake. Halafu akaja mmoja, inaonekana msomi, akafunga mjadala: "Programu huria maana yake bure. Dada alikuwa anajitolea." Laiki kibao.

Mimi na huyo msomi tuna kesi leo.

Tuanze na lugha, maana ujanja umejificha hapo. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza kwamba anaandika mfumo wa kompyuta ambao kila mtumiaji atakuwa na uhuru juu yake, akauita GNU. Miaka miwili baadaye akaanzisha shirika lisilo la faida, Free Software Foundation. Tangu hapo Wazungu wana tabu na neno la kwanza kwenye hilo jina, kwa sababu kwa Kiingereza neno hilohilo linabeba uhuru na linabeba bure. Zaidi ya miaka arobaini wanasimama kwenye makongamano kueleza kwamba wanaongelea uhuru, hawatoi ofa ya bia. Sisi Mungu katupendelea. Tuna huria, na tuna bure. Maneno mawili, kila moja na kwake. Halafu Mswahili mzima anayachanganya makusudi ili mtu asilipwe!

Soko huria tunalijua tangu enzi za mzee Mwinyi. Niambie ni nani aliwahi kwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu, akabeba karoti za Mgeta, akamwambia mama muuzaji kwamba soko ni huria kwa hiyo halipi. Utarudi nyumbani na ndoo kichwani.

Uhuru unaosemwa kwenye programu ni huu: uitumie kwa kazi yoyote, uifungue uone ndani imeandikwaje na uibadilishe, umgawie mwenzako nakala, na ugawe hata hiyo uliyoiboresha. Basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba anayeisimika, anayeitafsiri, anayefundisha watu kuitumia na anayeitwa usiku ikigoma afanye hivyo kwa fulana na cheti. Stallman mwenyewe miaka ya themanini alikuwa anauza kanda zenye programu yake ya Emacs kwa dola 150. Baba wa harakati nzima alikuwa anauza, mzee, wewe wa Kihonda unaona aibu kulipa!

Sasa dada mwenyewe. Tumwite Dada wa Kihonda, inatosha, maana hajatutuma na kiki hazitaki. Kuna shule moja ilipata kompyuta za msaada, zile zinazokuja zimeshachoka huko zilikotoka. Windows ya kukraki, virusi vimejaa, mwalimu wa TEHAMA kakata tamaa, chumba kikageuka stoo ya madawati. Mliosoma SUA na Mzumbe mnavijua hivyo virusi: unaingiza flashi steshenari kuchapisha, unatoka mafaili yote yamegeuka shotikati, na ripoti ya fildi inatakiwa kesho saa mbili asubuhi. Dada akaenda Jumamosi kwa Jumamosi, kwa nauli yake, akafuta kila kitu, akaweka Linux na LibreOffice, akamkalisha mwalimu chini mpaka akaelewa. Mashine zikaamka. Mtoto wa kidato cha pili anaandika barua ya maombi ya kazi kwa kuigiza, anaichapisha, anaipeleka nyumbani kumwonyesha mama yake anayefanya kazi kwenye kiwanda cha tumbaku. Hiyo kompyuta haidai leseni wala haikatiki ikifika mwisho wa mwezi.

La pili ni ramani. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria wa Dar na Moro Juni 2024, na stesheni ikawa upande wetu huu, Kihonda haijapumua. Gesti zimeota, njia mpya zimefunguliwa, bodaboda wa Msamvu akiitwa Magorofani ndani ndani anaelekezwa kwa mti na rangi ya geti. Dada akaanza kuchora mitaa kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya dunia ambayo watu wanaichora wenyewe na kila mtu ana ruhusa kuitumia. Kazi hiyo si ya mchezo. Dar walifanya hivyo kwa Ramani Huria kuanzia 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi wakipita kwenye kata zinazofurika kuchora mifereji na nyumba, ili mvua ikija ijulikane maji yatapita wapi.

Na hapa ndipo bosi wetu alipojikwaa. OpenStreetMap inaweka kumbukumbu ya kila jengo na kila njia: nani kachora, tarehe gani, kabadilisha nini. Kumbukumbu hiyo iko wazi, huombi ruhusa kwa mtu. Tumeingia, tumeangalia. Mtaa kwa mtaa, jina la akaunti ni lile lile moja, na saa za kuchora ni za usiku, saa ambazo bando la ofa linafanya kazi. Akaunti ya ofisi ya bosi ipo pia. Imechora jengo moja. Ofisi yake.

Ripoti ya mradi inasema kazi imefanywa na "timu yetu ya wataalamu". Timu hiyo ilipewa fulana mbili, cheti chenye saini ya bosi, na hela ya nauli ambayo haikufika hata nusu ya nauli zenyewe. Mradi wa pili umepata fedha, nafasi ya afisa TEHAMA imetoka, na imekwenda kwa kijana ambaye ni ndugu wa mtu pale ofisini. Kijana hana baya, ila anampigia Dada saa tatu usiku kumuuliza kompyuta inawashwaje ikiganda. Wiki iliyopita ofisi imemwandikia Dada akabidhi paswedi zote "kwa ajili ya urasimishaji". Mshahara hakuna, mkataba hakuna, lakini kuna makabidhiano!

Msomi wa laiki kibao atasema haya mambo ya kompyuta ni ya watu wachache, tusikuze. Bro, hiyo simu ya Android unayotukania watu inaendeshwa na Linux ndani yake, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Muvi ulizowekewa kwenye flashi unazifungua na VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani, ilizaliwa na wanafunzi wa Ufaransa na inalelewa na shirika lisilo la faida. Blogu nyingi za udaku unazoamka nazo zimejengwa kwa WordPress. Ukimpeleka mtoto kliniki, takwimu za kituo zinaishia kwenye DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamo kwenye mtandao wake miaka na miaka. Umezungukwa, kaka.

Na Kiswahili hakijawahi kubaki nyuma. Desemba 2004, pale pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili kuanzia menyu mpaka ujumbe wa makosa. Wengi wenu mlikuwa chekechea au hamjazaliwa. Leo uliza vijana kumi pale Msamvu kama wanaikumbuka. Programu ni kama shamba, lazima mtu aamke kila msimu apalilie, atafsiri maneno mapya, arekebishe kinachovunjika. Huyo mtu anakula, anapanga chumba, ana mdogo wake anayesoma. Sijui ni nani aliwaambia wakurugenzi wetu kwamba wapalilizi wa programu wanaishi kwa hewa ya Uluguru.

Kwamba hii ni kazi kamili, yenye ngazi, yenye mshahara na yenye heshima, wala hatuhitaji kwenda Ulaya kuhakikisha. Vukeni Namanga tu.

Uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ulipozaa vurugu, mwanasheria na mwanablogu Ory Okolloh aliandika Januari 2008 kwamba panahitajika ramani ya kuonyesha nini kinatokea wapi. Wenzake wakaijenga ndani ya siku chache, wakaiita Ushahidi, watu wakawa wanaripoti kwa meseji na kwa intaneti. Programu ikawekwa huria, na tetemeko lilipoipiga Haiti mwaka 2010 ikatumika huko kukusanya taarifa za waliokwama. Kutoka kwenye blogu, jamani. Blogu! Wale mnaosema blogu ni za umbea tu chukueni hiyo.

Sasa angalieni kiti kilivyotembea. Okolloh aliongoza, mwishoni mwa 2010 akaondoka kwenda Google. Juliana Rotich akashika. Mbele kidogo kukawa na msukosuko mkubwa: mwaka 2017 bodi ilimwachisha kazi mkurugenzi wa wakati huo baada ya tuhuma za unyanyasaji wa kijinsia, na bodi yenyewe ikalaumiwa kwa kuchelewa. Aibu, ndiyo, lakini ilitokea hadharani na mtu alitoka kwenye kiti. Mwaka 2019 kiti kikaenda kwa Angela Oduor Lungati. Huyu dada njia yake ndiyo ningependa Dada wa Kihonda aisome. Mwaka 2010 alikuwa mmoja wa walioanzisha AkiraChix, shirika la Nairobi linalofundisha wasichana kuandika programu. Akaingia Ushahidi upande wa teknolojia na wa kushughulika na jamii ya watumiaji, yaani kazi ile ile ya kuitwa usiku mfumo ukigoma, akapanda mpaka akawa Mkurugenzi Mtendaji. Amekuwa pia mwenyekiti wa bodi ya Creative Commons, wale wa leseni zinazoruhusu picha, vitabu na muziki kushirikishwa. Aliyekuwa anajibu maswali ya watumiaji ndiye aliyekuja kukaa juu. Hapa kwetu anayejibu maswali anaombwa paswedi.

Kuna mwingine, Mmarekani, Karen Sandler. Mwanasheria, ana ugonjwa wa moyo, na kifuani amewekewa kifaa cha kuushtua moyo ukielekea kusimama. Akauliza swali ambalo mgonjwa mwingine asingeuliza: naomba kuona programu iliyo ndani ya hiki kitu. Akanyimwa. Alipokuwa mjamzito mapigo ya moyo yakabadilika kama ya wajawazito wengi, kifaa kikadhani ni hatari, kikampiga shoti bila sababu. Programu iko ndani ya mwili wake na hana ruhusa ya kuisoma. Leo anaongoza Software Freedom Conservancy, shirika lisilo la faida linalotetea programu huria. Shirika hilo ndilo linalolea Outreachy, mafunzo ya kazi ya miezi mitatu ambayo mtu anafanya akiwa kwao, popote duniani, na analipwa dola 7,000. Nimetaja hela makusudi. Kuna vijana wa Kihonda wanaosoma hapa wakiwa na laptopu ya mkopo na hawajawahi kuambiwa na "kinara" yeyote kwamba nafasi hizo zipo, maana wakiambiwa nani atabaki kujitolea?

Huko Marekani kuna kitu kimoja ninachowaonea wivu. Mashirika yao yasiyo ya faida yanajaza fomu ya kodi inayoitwa 990, na fomu hiyo ni ya wazi: yeyote anaweza kuisoma akaona mapato, matumizi na malipo ya vigogo. Ndiyo maana Mozilla, wenye Firefox, walipotangaza Agosti 2020 kupunguza wafanyakazi kama 250, watu walifungua karatasi wakaona kwamba bosi wao wa juu kwa mwaka 2018 alilipwa zaidi ya dola milioni 2. Walichukia, waliandika, na mpaka leo wanamsema. Hawakuwa na umbea mkononi, walikuwa na namba. Sisi tunabaki kukisia kwa kuangalia aina ya viatu.

Na hapa nyumbani tusidanganyane kwamba sheria hakuna. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inataka kila shirika liandae taarifa ya kazi zake kila mwaka, taarifa hiyo ipatikane kwa umma, na hesabu zikaguliwe. Kanuni za 2018 zikasukuma zaidi, kwamba fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe. Najua kanuni hizo zilipotoka wanaharakati walizilalamikia kwamba zinaweza kutumika kuyabana mashirika yenye midomo, na hoja yao ina uzito wake. Lakini bosi wetu si mwenye mdomo. Hajawahi kumkera mtu yeyote mwenye cheo. Tulimwandikia kwa heshima zote, "Shikamoo Mkurugenzi, tunaomba taarifa ya mwaka", akajibu na emoji ya mikono iliyofumbatana. Tukakumbusha. Tukajibiwa na chawa kwamba taarifa ni ya ndani.

Ya ndani! Mtu anayehubiri kwamba programu iliyofichwa ni hatari, kwamba mtumiaji ana haki ya kufungua na kuona ndani, hesabu zake ni za ndani. Ukitaka kumjua mtetezi wa programu huria wa kweli usimwangalie fulana yenye pengwini. Mwombe karatasi tatu: bajeti, orodha ya wanaolipwa, na orodha ya wajumbe wa bodi. Akikuuliza umetumwa na nani, ondoka hapo na laptopu yako.

Bodi nayo tuiguse kidogo. Shirika la bosi lina mwanzilishi, mwenyekiti na mkurugenzi, na wote watatu wanavaa suti moja ya bluu. Mke anasaini hundi. Ugonjwa huu wa mwanzilishi asiyeshuka si wa Waafrika tu, tusijitukane bure. Stallman huyo huyo niliyemsifia juu alijiuzulu urais wa shirika lake Septemba 2019 baada ya maneno yake kuhusu kesi ya unyanyasaji kuzua hasira, na Machi 2021 akarudi kwenye bodi, mashirika na watu kibao wakapiga kelele. Ukubwa wa kazi aliyoifanya hauhitaji kubishaniwa. Ila ukiona shirika haliwezi kuishi bila mtu mmoja, jiulize lile la kwetu likoje, ambalo hata hiyo kazi kubwa hatujaiona.

Sasa najua mtakuja na nini kwenye komenti, ngoja niwawahi.

Mtasema tunawavunja moyo wanaojitolea. Hapana. Kujitolea ni kuzuri, Linux yenyewe ilianza kama mchezo wa mwanafunzi chumbani. Lakini leo sehemu kubwa ya wanaoiandika ni waajiriwa wa makampuni, wanalipwa kwa kazi hiyo hiyo, na hakuna anayesema wamepoteza imani. Tena tofautisha. Dada akiamua mwenyewe Jumapili kuchora mtaa wa bibi yake, huyo amejitolea. Ofisi ikipokea fedha kwa ajili ya kuchora mtaa huo, ikamwambia Dada achore, ikaweka fedha kwenye "uratibu", hilo lina jina jingine na mnalijua.

Mtasema wafadhili hawataki kulipia mishahara. Hapo kuna ukweli, na wafadhili nao wana lao: wanataka picha za watoto mbele ya kompyuta, hawataki kusikia habari za fundi. Lakini bajeti ambayo haina mshahara ina ukumbi wa hoteli, ina chai ya saa nne na ya saa kumi, ina mafuta ya gari, ina mshauri elekezi kutoka Dar ambaye alikuja na treni ya asubuhi akaondoka na ya jioni. Siku moja ya mshauri huyo ingemlipa Dada mwezi. Bosi ni mtu wa maneno matamu, anajua kuandika maombi ya fedha. Aandike kipengele kimoja chenye cheo cha Dada na kiasi cha hela. Akikataliwa, atuonyeshe barua ya kukataliwa, tutamtetea sisi wenyewe mbele ya mfadhili.

Na wengine mtasema Dada aache, aende akauze mitumba, kuna hela zaidi. Hilo ndilo linaloniuma, maana ameshaanza kulifikiria. Mteja wa kwanza kashapata, ni jirani. Akiondoka, nipigie hesabu: zile kompyuta za shule zitakaa muda gani kabla hazijarudi kuwa stoo ya madawati? Yule ndugu wa mtu ofisini atazifufua? Mtaa mpya nyuma ya stesheni nani atauchora? Bosi atakuwa na tuzo ya kioo na paswedi ambazo hajui zinafungua nini.

Watu waliounda mtandao wa Afrika wa programu huria, FOSSFA, mwaka 2003, mkutano wao mkubwa waliuita Idlelo, neno la kusini mwa bara lenye maana ya malisho ya pamoja. Nimelipenda sana jina hilo, nikiwa mtu wa mkoa huu. Sisi wa Morogoro hatuhitaji kuhadithiwa malisho yakigeuzwa ya mtu mmoja kinachotokea, Kilosa na Mvomero wanajua. Kazi ya Dada imeingia kwenye malisho ya dunia nzima, ramani yake anaitumia bodaboda, anaitumia mtalii anayeshuka SGR, anaweza kuitumia hata halmashauri kesho. Bosi kaweka geti na anakusanya kiingilio.

Dada, najua utasoma hapa. Paswedi za akaunti yako binafsi ya ramani ni zako, hazina urasimishaji wowote. Za shule mpe mkuu wa shule, kwa maandishi, na nakala ubaki nayo, maana kompyuta ni za shule na si za ofisi ya mtu. Kazi zako ziko wazi mtandaoni na tarehe zake, hiyo ndiyo wasifu wako, iweke kwenye maombi kama ilivyo. Outreachy wanapokea maombi mara mbili kwa mwaka. Wewe una ushahidi wa kazi kuliko mwenye tuzo.

Na wewe bosi mwenye suti ya bluu, hatuna ugomvi na suti. Ukurasa huu uko wazi. Ukileta majibu tutayaweka yote bila kukata hata nukta, hata kama yametutukana. Tunachoomba yaje na viambatisho: taarifa ya mwaka jana, hesabu zilizokaguliwa, na mkataba wa Dada wenye tarehe ya kuanza na kiasi. Tumeshakuwekea nafasi hapo chini, komenti ya kwanza tumeibana juu kwa jina la ofisi yako. Mpaka saa hizi tunapoweka posti hii iko tupu.